Leseni ya bwawa ikiisha: kisa cha mto Klamath na swali la nani alipe



Leo naleta mada ndefu kidogo, kwa hiyo kama una haraka ihifadhi uisome ukitulia. Ni habari ya kampuni binafsi ya umeme huko Marekani, mabwawa yake manne, na leseni ya miaka 50 iliyofika mwisho mwaka 2006. Kampuni iliomba leseni mpya, kama wenye mabwawa wengi wanavyofanya kule. Badala ya kupata muhuri na kuendelea na kazi, ikakuta mjadala umewaka, na haukuzimika kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2024 mabwawa yote manne yalikuwa yamebomolewa.

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanakifupisha: umeme dhidi ya samaki, basi. Mimi nimekifuatilia kwa muda sasa na naona kuna kitu kinarukwa. Kilichosogeza mambo ni swali moja la kawaida kabisa, lile tunaloulizana hata kwenye daladala: hii nani analipa? Na swali hilo lisingepata pa kuulizwa kama ile leseni isingekuwa na tarehe ya mwisho. Twende hatua kwa hatua.

MTO WENYEWE

Klamath unaanzia kusini mwa jimbo la Oregon, unakatiza milima ya kaskazini mwa California na kumwaga maji yake Bahari ya Pasifiki. Urefu wake ni kama kilomita 410. Zamani ulikuwa wa tatu kwa wingi wa samoni katika pwani yote ya magharibi ya Marekani bara.

Kwa wasiomjua, samoni ni samaki mwenye safari. Anazaliwa kwenye maji baridi ya mtoni, anateremka baharini kukua, halafu akishakomaa anarudi kuupanda mto uleule ili atage, na akishataga anakufa. Ukimjengea ukuta katikati ya njia, safari yake imeishia hapo.

Kandokando ya mto huo wanaishi Wamarekani wa asili, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Karibu na bahari wapo Wayurok, juu kidogo Wahoopa na Wakaruk, na kule Oregon yapo makabila ya Klamath. Kwa watu hawa samoni ni chakula, ni biashara na ni ibada.

MABWAWA MANNE

Kampuni iliyoanza kujenga iliitwa California Oregon Power Company, na kifupi chake ndicho kilichobaki kwenye majina ya mabwawa. Copco 1 lilianza kuzalisha umeme mwaka 1918, Copco 2 likafuata mwaka 1925. J.C. Boyle, lililo upande wa Oregon, likajengwa mwaka 1958, na la mwisho, Iron Gate, likakamilika miaka ya mwanzo ya 1960. Iron Gate ndilo lililokuwa chini kuliko yote, ukuta wa udongo na mawe wenye kimo cha mita 50 na ushee, hauna njia ya samaki kupanda hadi juu.

Hata enzi hizo tatizo la samaki lilijulikana. Copco 1 lilipoziba mto, kampuni haikujenga ngazi ya samaki. Ilijenga kituo cha kutotolea vifaranga vya samaki pale Fall Creek, mwaka 1919, iwe fidia. Kwa hiyo ile hoja kwamba "watu wa zamani hawakujua" haisimami. Walijua, wakachagua njia ya bei nafuu.

Mabwawa yakapita mkono kwa mkono, kampuni moja ikimezwa na nyingine, hadi yakafika kwa PacifiCorp. Mwaka 1999 PacifiCorp yenyewe ikanunuliwa na ScottishPower ya Uskoti. Mwaka 2006 ikauzwa tena, safari hii kwa MidAmerican, kampuni iliyo chini ya Berkshire Hathaway ya tajiri Warren Buffett. Shika hilo, litatusaidia mbele.

Uwezo wa yote manne kwa pamoja ulikuwa kama megawati 163. Ili upate picha, Kidatu peke yake ni megawati 204. Siyo umeme wa kudharau, lakini kwa kampuni kubwa kama PacifiCorp ulikuwa kama asilimia 2 tu, au chini yake, ya umeme wake wote.

LESENI INAFANYAJE KAZI

Hapa tusiende haraka. Sisi tuliozoea Kidatu na Mtera kuwa za serikali tunaweza kushangaa: inakuwaje kampuni binafsi imiliki bwawa kwenye mto wa watu wote?

Jibu lipo kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1920. Kampuni inaweza kumiliki ukuta, mitambo na nyaya. Mto haimiliki. Inapewa ruhusa ya kuutumia kwa muda usiozidi miaka 50, na mtoaji wa ruhusa ni chombo cha serikali kuu ambacho leo kinaitwa Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati, kwa kifupi FERC. Muda ukikaribia kwisha, mwenye leseni anatakiwa kutoa taarifa miaka mitano hivi kabla, na maombi yenyewe yafike si chini ya miaka miwili kabla. Baada ya hapo milango inafunguliwa: makabila, majimbo, wavuvi, wakulima, wenye nyumba, kila mtu anaruhusiwa kuwasilisha hoja na ushahidi.

Mambo matatu ya kukumbuka:

1. Mwombaji anapimwa kwa sheria za leo, zile za siku alipopewa leseni ya kwanza zimeshapita. Leseni ya Klamath ilikuwa ya miaka ya 1950. Baada ya hapo ikaja sheria ya maji safi ya 1972, ikaja ya viumbe walio hatarini kutoweka ya 1973, na mwaka 1986 Bunge likaiagiza FERC iwape samaki, wanyama, mazingira na mapumziko ya watu uzito sawa na umeme inapotoa leseni.

2. FERC haina neno la mwisho kwenye kila kitu. Wizara zinazosimamia samaki zinaweza kuamuru zijengwe ngazi za samaki, na FERC inalazimika kuingiza amri hiyo kwenye leseni. Jimbo nalo lazima litoe cheti cha ubora wa maji. Bila cheti hakuna leseni.

3. Leseni ikiisha kabla uamuzi haujatoka, mitambo haizimwi. Mwenye bwawa anapewa leseni ya mwaka mmoja mmoja kwa masharti yaleyale ya zamani.

Hilo la tatu lina utamu wake kwa mwenye bwawa. Kila mwaka mjadala unapovutwa, yeye anaendelea kuuza umeme kwa masharti ya babu zake. Klamath iliendeshwa hivyo tangu 2006 hadi FERC ilipotoa uamuzi mwaka 2022. Miaka kumi na sita ya danadana!

MIAKA MIBAYA: 2001 NA 2002

PacifiCorp ilipeleka maombi yake mwaka 2004. Lakini watu walifika kwenye mjadala ule tayari wana majeraha.

Mwaka 2001 ulikuwa wa ukame. Serikali kuu, ili kuwalinda samaki wanaolindwa kisheria, ikafunga maji ya umwagiliaji kwa sehemu kubwa ya mashamba ya bonde la juu la Klamath. Wakulima wakaona mazao yanakauka mbele ya macho yao. Maandamano yakawa makubwa, watu wakapanga foleni ndefu wakipokezana ndoo za maji kuonesha hasira zao.

Mwaka uliofuata maji yakarudishwa kwa wakulima. Mwezi Septemba 2002 samoni walipoanza kupanda mto wakakuta maji kidogo na ya moto. Wakabanana, ugonjwa ukapita kama moto wa nyikani. Hesabu za kawaida zinataja samaki wasiopungua 34,000 waliokufa, wengine wanasema walikuwa zaidi ya hapo. Wayurok waliamka na kukuta kingo za mto zimejaa mizoga.

Tuwe wakweli: vifo vile vilitokana hasa na uhaba wa maji na ugonjwa, na kuyalaumu mabwawa manne peke yake si haki. Ila kwa makabila ilikuwa ishara kwamba mto mzima unaumwa. Na leseni ya mabwawa ndiyo karatasi pekee iliyokuwa mezani kwa wakati ule, yenye tarehe, yenye chombo kinacholazimika kusikiliza. Wakaishika hiyo.

NANI ALISEMA NINI

Mjadala ulikuwa na pande nyingi kuliko mbili. Nazipanga hapa kwa kifupi.

Kampuni: umeme wa maji hauna moshi, hauhitaji mafuta, mitambo ilishalipiwa zamani, na wateja wananufaika na bei. Ukiubomoa utaununua umeme mwingine wapi, kwa bei gani, na utatoka kwenye makaa ya mawe au wapi?

Makabila: tuna haki ya kuvua tuliyopewa kwa mikataba na sheria, na haki ya kuvua mto usio na samaki haina maana. Wakaruk walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 waliwasilisha kwa FERC ripoti inayosema kwamba kupungua kwa samoni kwenye vyakula vyao kumechangia kisukari na magonjwa ya moyo kwa watu wao. Yaani waliiambia tume ya umeme kwamba ukuta wa bwawa umefika mpaka hospitalini.

Wavuvi wa baharini: mwaka 2006 samoni wa Klamath walikuwa wachache kiasi kwamba uvuvi wa kibiashara ulizuiwa sehemu kubwa ya pwani ya Oregon na California. Mvuvi aliyeko mamia ya kilomita kutoka mabwawani akakosa kazi kwa sababu ya mto ambao pengine hajawahi kuuona.

Wakulima: hapa ndipo palipo na mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo soma taratibu. Mabwawa haya manne hayakuwa yakihifadhi maji ya umwagiliaji. Maji ya mashamba yanatoka ziwa la Upper Klamath huko juu, na bwawa linalolizuia ziwa lile halikuwamo kwenye orodha ya kubomolewa. Wakulima waliguswa kwa njia nyingine: kwa makubaliano ya zamani na kampuni walikuwa wakinunua umeme wa kusukumia maji kwa karibu senti 0.6 tu kwa uniti. Makubaliano hayo yalifungamana na leseni, na leseni ilipoisha mwaka 2006, bei ya zawadi nayo ikaanza kuondoka.

Wenye nyumba kando ya maziwa ya mabwawa: tulinunua viwanja vya ufukweni, mkiondoa bwawa tunabaki na nyumba zinazotazama tope. Visima vyetu je? Moto wa msitu ukija, helikopta zitachota maji wapi? Kaunti ya Siskiyou, ambako mabwawa matatu yalikuwa, ilipiga kura ya maoni mwaka 2010 na karibu watu wanne kati ya kila watano walikataa ubomoaji. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria, lakini siyo ya kupuuza. Hawa ndio waliokuwa wakiishi hapo.

KUMFUATA MWENYE MALI

Kuna jambo moja ambalo makabila walilifanya na mimi nalipenda sana. Waliona kumlilia meneja wa eneo hakusaidii, wakamfuata mwenye kampuni mpaka kwake. Mwaka 2004, mmiliki akiwa ScottishPower, walisafiri hadi Edinburgh kwenye mkutano wa mwaka wa wanahisa. Uskoti nako ni nchi ya samoni, watu wa kule hawakuhitaji kuelezwa samaki huyo ni nani.

Kampuni ilipouzwa, wakahamia Omaha, Nebraska, kwenye mkutano mkubwa wa wanahisa wa Berkshire Hathaway. Mwaka 2008 walimuuliza Buffett mwenyewe ukumbini. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba jambo hilo ni la vyombo vya serikali vinavyosimamia umeme kuamua. Wengine walisema amekwepa. Mimi naona bila kukusudia alielekeza mahali mchezo ulipokuwa, yaani kwa wasimamizi wanaopanga wateja walipe nini.

HESABU ZILIPOWEKWA MEZANI

Turudi kwenye leseni. Wizara za serikali kuu zikatoa masharti: ukitaka leseni mpya, jenga ngazi za samaki kwenye mabwawa. PacifiCorp ikapinga ikitumia sheria mpya ya nishati ya mwaka 2005, iliyowapa wenye mabwawa nafasi ya kuyapinga masharti kama hayo mbele ya jaji, ushahidi kwa ushahidi. Sheria ile walikuwa wameipigia debe wenye mabwawa wenyewe. Septemba 2006 jaji akatoa matokeo, na kwa sehemu kubwa akakubaliana na wizara: samaki wanaweza kuishi huko juu, ngazi zina faida. Mwanzoni mwa 2007 masharti yakathibitishwa.

Wataalamu wa FERC wenyewe walikuwa wamependekeza njia ya rahisi: samaki wakamatwe chini ya bwawa, wapakiwe kwenye malori, wakaachiwe juu. Ndiyo, samaki wapande lori. Lakini masharti ya wizara yalikuwa ya lazima, malori hayakutosha.

Kisha ikaja ripoti ya FERC ya Novemba 2007. Ilipiga hesabu: mabwawa yakipewa leseni mpya yenye masharti hayo yote, yataendeshwa kwa hasara ya karibu dola milioni 20 kila mwaka.

Isome tena hiyo. Mali iliyoitwa "umeme wa bei nafuu" kwa miaka 50 ilikuwa nafuu kwa sababu kuna bili nyingine ilikuwa ikilipwa na watu wengine: Mkaruk aliyekosa chakula chake, mvuvi wa pwani aliyefunga boti, mtoto aliyekatazwa kuoga ziwani kiangazi kwa sababu ya mwani wenye sumu uliokuwa ukiota kwenye maziwa ya Copco na Iron Gate. Masharti ya leseni yalichofanya ni kuihamisha bili hiyo na kuirudisha kwa mwenye mtambo. Ilipofika kwake, ghafla bwawa likawa mzigo.

Tangu hapo kampuni ikaanza kuongea lugha nyingine. Haikuwa tena "tutabaki au tutaondoka". Ikawa "tukiondoka, wateja wetu watalipa kiasi gani, na mambo yakiharibika nani anashtakiwa?"

MAKUBALIANO, BUNGE, NA KUGONGA UKUTA

Februari 2010 yakasainiwa makubaliano mawili makubwa. Moja la mabwawa, jingine la kugawana maji ya bonde lote kati ya wakulima, samaki na makabila. Watu waliokuwa wakitukanana mwaka 2001 walikaa meza moja. Si wote walioridhika. Wahoopa hawakusaini, wakiona haki zao za maji zinawekwa rehani.

Tatizo ni kwamba mpango wote ulihitaji idhini ya Bunge la Marekani, na Bunge halikuipitisha. Mwisho wa mwaka 2015 makubaliano ya kugawana maji yakafa. Fikiria miaka yote ile ya vikao.

Aprili 2016 waliobaki wakatafuta mlango mwingine. Kama Bunge halitaki, turudi palepale pa mwanzo, FERC. PacifiCorp ingehamisha leseni kwa shirika jipya lisilo la faida, Klamath River Renewal Corporation, na shirika hilo lingeirudisha leseni kwa FERC na kubomoa.

Fedha zilipangwa hivi: dola milioni 200 kutoka kwa wateja wa PacifiCorp wa Oregon na California kupitia bili za umeme, na dola milioni 250 kutoka kwenye hati fungani ya maji ambayo wapiga kura wa California waliipitisha mwaka 2014. Jumla milioni 450. Wasimamizi wa umeme wa majimbo waliona wateja ni heri walipe kiasi kinachojulikana na chenye kikomo kuliko kubeba gharama za leseni mpya ambazo mwisho wake haujulikani.

Bado ngoma ilikuwa nzito. Julai 2020 FERC ilisema inakubali shirika jipya, lakini PacifiCorp lazima ibaki kwenye leseni kwa sababu hao wapya hawajawahi kubomoa bwawa hata moja. PacifiCorp ikashtuka, maana ilichokuwa ikikitaka siku zote ni kutoka bila deni la lawama. Mpango ukakaribia kuvunjika. Novemba mwaka huohuo majimbo mawili yakaingia kati: sisi tutakuwa wenye leseni pamoja na shirika, na tutaongeza fedha za tahadhari. Juni 2021 uhamisho ukaidhinishwa. Tarehe 17 Novemba 2022 FERC ikaruhusu leseni irudishwe na mabwawa yabomolewe.

BAADA YA KUTA KUONDOKA

Copco 2 lilitangulia mwaka 2023. Januari 2024 maziwa matatu yaliyobaki yakaanza kufunguliwa maji, na kufikia mwanzoni mwa Oktoba kazi ya kubomoa ilikuwa imekwisha.

Haikuwa sherehe tupu. Mto uliteremsha tope la miongo mingi, maji yakawa rangi ya kahawa. Vifaranga wa samoni wapatao 830,000 walioachiwa mapema mwaka ule walikufa walipopita kwenye handaki la bwawa la Iron Gate kwa sababu ya mgandamizo. Wakazi wa ufukwe wa Copco waliamka hawana ziwa. Kwao hasara ile haifutiki kwa kuambiwa samaki wanafurahi.

Lakini Oktoba ileile ya 2024, wiki chache tu baada ya mashine kuondoka, samoni alionekana kwenye kijito cha Oregon juu ya lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1912. Hakuna aliyemfundisha njia. Pia zipo ekari 2,800 za ardhi, nyingi zikiwa chini ya maji kwa miaka mingi, ambazo mwaka 2024 gavana wa California alitangaza kuwa zitarudishwa kwa watu wa Shasta, ambao mababu zao waliondolewa wakati Copco 1 linajengwa. Na mwaka 2025 vijana wa makabila, umri wangu na wadogo zangu, walipiga kasia karibu kilomita 500 kwa mwezi mmoja kutoka vyanzo vya mto hadi baharini, wakipita mahali ambapo wazazi wao walikuta zege.

Ugomvi wa kugawana maji kati ya mashamba na mto, ule wa 2001, kubomoa mabwawa hakukuumaliza. Anayekwambia kila kitu kimetulia Klamath anakudanganya.

MASWALI YA KUBEBA

Mimi ni wa kidato cha nne, si mhandisi wala mwanasheria, na sisemi kila bwawa libomolewe. Mabwawa mengi Marekani yamepewa leseni mpya na yanaendelea. Ninachosema ni kwamba popote kampuni binafsi inapotumia mto kwa mkataba au leseni, mwananchi awe na maswali haya mfukoni:

Leseni inaisha lini, na maombi ya mpya yanapelekwa lini? Ukingoja siku ya mwisho umechelewa miaka mitano.

Nani analazimika kusikiliza, na nani ana neno ambalo halipingiki? Makabila ya Klamath walishinda kwenye masharti ya samaki kwa sababu walijua kipengele hicho kina meno.

Mjadala ukivutwa, nani anafaidika na kuchelewa?

Gharama gani haijaandikwa kwenye vitabu vya kampuni, na inalipwa na nani sasa hivi?

Siku ya kuondoka, nani anasafisha, kwa fedha ipi, na kikiharibika kitu nani anajibu? Hili la mwisho lilikaribia kuua mpango mzima mwaka 2020, baada ya miaka yote ile.

Ukiniuliza, watu wa Siskiyou nao walistahili jibu bora zaidi kuliko walilopata, na hapo najua hatutakubaliana wote. Karibuni kwenye maoni hapo chini. Hoja kwa hoja, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.